Mahame ya Buha

Wacherokee wanamjua aliyewahamisha. Ni Andrew Jackson, rais wa saba wa Marekani, aliyetia saini mwezi Mei 1830 sheria ya kuwaondoa wenyeji wa asili mashariki ya mto Mississippi. Wanaijua Georgia, jimbo lililoyagawa mashamba yao kwa bahati nasibu mwaka 1832 na wao wangali wanaishi ndani yake. Wanaujua mkataba wa New Echota wa Desemba 1835, uliotiwa saini na watu wachache ambao taifa lao halikuwatuma, na wanajua kwamba Seneti iliupitisha kwa kura moja tu ya ziada. Mahakama Kuu chini ya Jaji John Marshall ilikwisha kuamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi yao; haikusaidia kitu. Mwaka 1838 askari wakawatoa majumbani, wakawakusanya kambini, kisha wakawaswaga kwenda magharibi, watu kama 16,000. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Njia waliyopitishwa leo ina vibao, na tangu 1987 serikali ileile imeiandikisha kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Mjukuu wa Cherokee akitaka kulia, ana mahali pa kulilia na ana jina la kulitaja.

Siwezi kuyasoma hayo bila kuwaza Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Si kwamba yaliyotokea ni mamoja. Kwetu hakuna aliyekuja na karata ya bahati nasibu mkononi kuchukua shamba la mtu. Lakini katika miinuko ya Buha, nchi ya Waha, watu wamehamishwa mara mbili katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na mara zote mbili waliambiwa ni kwa faida yao. Jackson naye aliliambia Bunge lake, Desemba 1830, kwamba siasa yake ilikuwa ya huruma. Hapo ndipo ninaposhindwa kupita haraka.

Mtu akiingia porini mashariki ya Kibondo, kuelekea mto Muyovozi, ataona pori tu kama hajui kutazama. Anayejua ataona zaidi. Mivumu mikubwa haikujiotea kwa duara. Ilipandwa kuzunguka boma. Minyaa iliyosimama mstari mmoja katikati ya miombo ilikuwa ua wa mtu. Vigae vya vyungu viko chini ya majani, na mahali pengine kuna rundo la mavi ya chuma, kwa maana Buha ilikuwa nchi ya wafua chuma na majembe yake yalitembea mbali. Haya ni mahame. Palikuwa na watu hapa, na watu hao walikuwa na mwami wao, yaani mtawala, wa Muhambwe au wa Buyungu, kama Heru ilivyokuwa na wake. Chini ya mwami na watware wake, yaani watawala wadogo, tena kabla yao, walikuwako abateko, wazee wa ardhi, ambao ndio waliokuwa na haki ya kuzungumza na nchi kwa niaba ya waliokaa juu yake. Mteko hakuwa na ng'ombe wengi wala jeshi. Alichokuwa nacho ni mahali. Mwami akihama alibaki mwami. Sioni mteko aliyeondolewa kwenye ardhi yake alibaki nani.

Uhamisho wa kwanza ulikuja na malale. Waingereza walikabidhiwa Kigoma na Wabelgiji Machi 1921, na katika miaka ya 1930 madaktari wao waliona ugonjwa ukiua watu wa Buha waliotawanyika katika miombo yenye mbung'o. Dawa waliyoiamini ilikuwa kuwakusanya watu. Kaya nyingi zikikaa pamoja zitafyeka msitu, mbung'o atakosa kivuli, na malale itapungua. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo. Malale ni kifo cha taratibu, na sitaki mtu anisome akadhani nawalilia mbung'o. Watu wa Kibondo wakaamriwa kutoka katika vilima vyao na kuingia katika makazi yaliyopimwa, na nyuma yao nchi ikafungwa.

Lakini nchi iliyofungwa haikai ikimngoja mwenyewe. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mazingira na historia ya Afrika Mashariki, alieleza kwamba mbung'o na wanyama wa mwitu walienea pale mwanadamu alipolegeza mkono: baada ya sotoka kumaliza ng'ombe katika miaka ya 1890, baada ya vita na njaa, na baada ya watu kukusanywa. Jembe na moto wa mkulima ndivyo vilivyokuwa vimelizuia pori karne nyingi. Mkulima alipoondolewa, pori likarudi juu ya migomba yake, nyati wakalifuata pori, na mbung'o wakawafuata nyati. Kisha akaja ofisa mwingine, akaona pori lenye nyati, akalichorea mpaka. Leo sehemu kubwa ya upande ule ni Pori la Akiba Moyowosi, na tangu mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi limo katika orodha ya dunia ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kwa Tanzania. Nafurahi kwamba korongo domokiatu bado wanazaliana huko. Nasikitika tu kwamba wageni wanapoelezwa habari zake huambiwa ni nchi ambayo haijaguswa na binadamu, na mafiga yamo mle ardhini.

Uhamisho wa pili ulikuwa wetu wenyewe. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri. Waliobaki katika vilima vya Heru na Ushingo, kila kaya katikati ya migomba yake, wakaletwa kandokando ya barabara. Anayesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo bado anauona mpango ule: nyumba zimepangwa mistari, na mashamba ya zamani yako nyuma huko, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa mguu. Katika maandishi yake ya 1977 ya kulitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu alisema kwamba takribani asilimia 70 ya watu wetu walihama makazi katika muda wa miaka mitatu hivi. Aliihesabu kuwa ni mafanikio makubwa, ingawa alikiri pia kwamba pako mahali watu walitendewa vibaya. Nikiisoma asilimia ile siwezi kuiona kama namba. Naona makaburi yaliyobaki nyuma, kwa kuwa mtu alizikwa nyumbani kwake, na nyumbani sasa pamekuwa pengine.

Na hapa ndipo ugumu ulipo. Mwacherokee anaweza kumchukia Jackson, na chuki ile imemsaidia kukumbuka. Mzee wa Kasulu amchukie nani? Shule ya kijiji ndiyo iliyowafundisha wanawe kusoma. Zahanati ndiyo iliyomwokoa mkewe na uzazi. Anampenda Mwalimu kweli, wala si kwa kuogopa. Daktari wa Kiingereza wa mwaka 1933 hamkumbuki hata kwa jina, na malale kweli ilipungua. Kwa hiyo ananyamaza. Amepoteza kilima, mivumu, kaburi la baba yake na jirani aliyejua mipaka yote bila karatasi, na hana wa kumlaumu. Kwetu msiba una utaratibu: watu wanakuja, tandiko linatandikwa, siku zinahesabiwa, matanga yanaanuliwa. Msiba huu haukuwekewa tanga hata siku moja. Ulifunikwa na hotuba za maendeleo, na kwa sababu maendeleo yenyewe hayakuwa uongo wote, aliyelia alionekana mshamba au msaliti.

Nadhani ndiyo maana watu wa miinuko hii walielewa haraka, walipokuja wengine wakikimbia. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi wakavuka kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa Wakongo. Yalikuwapo malalamiko, ya kuni na ya mihogo iliyoibwa, na yalikuwa ya haki. Lakini lugha ya Warundi na Kiha ni ndugu, na mtu aliyeacha migomba yake ng'ambo ya mpaka hakuhitaji kumweleza Muha aliyeacha yake nyuma ya kilima. Kambi nyingine nazo zimefungwa kwa zamu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na watu waliokuwa wamezaa na kuzika pale wakapakiwa kwenye malori. Kasulu ina mahame mapya sasa, na haya si ya Waha.

Sidai watu warudishwe. Barabara ndiyo kwao sasa, na Moyowosi isiguswe. Ninachokidai kwa halmashauri za Kibondo, Kakonko, Kasulu na Buhigwe kinaweza kuanza mwaka huu kwa daftari la shule. Kila kijiji kiandike majina ya vilima ambako watu wake walitoka, ukoo gani ulikaa wapi, nani alikuwa mteko, makaburi yako upande gani wa mti gani. Waliokuwa watoto wakati wa malale karibu wote tumekwisha kuwazika, na majina yao ya vilima tumeyazika pamoja nao. Lakini aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1972 amepita sitini tu, na bado anatembea vizuri. Watoto wa darasa la sita waende naye huko, awaonyeshe.