Maji Yamejaa Baringo, Samaki Je?

Kila nikitaja Ziwa Baringo, lazima msee mmoja aulize: "Huko samaki wako?" Mara nyingi anayeuliza ameona klipu ya jamaa ameinua kamongo mrefu kama mguu wa mtoto, na sasa anataka kubeba ndoano, marafiki watatu na spika, aende Ijumaa arudi Jumapili. Sina shida na huo mpango. Mtu wa Nairobi akikaa masaa matatu anaangalia maji badala ya simu, hiyo peke yake ni dawa.

Shida yangu ni hilo swali. "Samaki wako?" ni swali dogo sana kwa ziwa lile. Ningependa tuulize: ni samaki gani, wanazalia wapi, na miaka kumi ijayo ndoano itashika nini?

Kwa wale hawajafika: unatoka Nakuru, unapita Mogotio, unavuka ikweta, unateremka mpaka Marigat joto likikupiga usoni, halafu unaingia Kampi ya Samaki. Jina lenyewe linakuambia mji ulianza kwa sababu gani. Ni ziwa dogo ukililinganisha na Victoria ama Turkana. Maji yake ni matamu, si ya chumvi, na kwa Bonde la Ufa letu hiyo si kitu cha kawaida. Jirani yake Bogoria ni magadi, na Nakuru pia ni magadi. Baringo na Naivasha ndiyo maziwa ya maji matamu tunayojivunia kwa huo mstari.

Sasa tuongee samaki.

Tilapia wa Baringo wana jina lao kamili kwa sayansi: Oreochromis niloticus baringoensis. Angalia neno la mwisho. Ni la ziwa lenyewe. Hao ni aina ya tilapia ambao kiasili wako hapo tu, dunia nzima. Tunajua kuposti kuhusu faru na twiga, lakini hawa wako kwa sahani, wamekaangwa na nyanya na kitunguu, na wengi wetu hatujui kwamba wakiisha pale, hakuna ziwa lingine la kwenda kuwachukua.

Mtu ataniambia, "Lakini tilapia si wako kila mahali?" Ndio, wako. Wako kwa mabwawa ya shamba, na wako kwa friza za Nairobi wakiwa wametoka China kwa barafu. Lakini tilapia wana tabia moja: aina tofauti zikiwekwa pamoja, zinazaana vizuri kabisa. Ukimwaga tilapia wa kufugwa ndani ya ziwa lenye tilapia wao wa asili, baada ya miaka kadhaa unaweza kuwa na samaki wengi na bado umepoteza wale wa kwanza. Wamechanganyika wakapotea, bila hata mzoga mmoja kuonekana ufuoni. Ndiyo maana mtu akisema "si tupande tu samaki wengine mle ndani," mimi huuliza kwanza: wametoka wapi?

Na Baringo inajua vizuri hii habari ya kuletewa mgeni. Kamongo, yule samaki wa kwa klipu, si mwenyeji. Aliletwa katikati ya miaka ya 1970. Ni samaki wa ajabu: ana mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa, na maji yakiwa machafu yenye hewa kidogo yeye hajali sana. Ziwa lilipozidi kuwa tope, kamongo alikuwa nyumbani. Polepole akawa sehemu kubwa ya kile wavuvi wanachopata, kwa kamba ndefu zenye ndoano nyingi zilizowekwa chambo. Leo familia nyingi zinakula na kulipa karo kwa sababu yake, kwa hivyo sitamtukana. Nasema tu, ukimwona kwa picha, usidhani unaona Baringo ya zamani.

Kuna mwingine hayuko kwa picha kabisa. Ni jamaa wa ningu, yule samaki watu wa Ziwa Victoria wanamjua. Wa Baringo naye alikuwa anapanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga mayai. Halafu mito ikaanza kunyang'anywa maji. Mradi wa kunyunyizia mashamba wa Perkerra ulianza 1954, enzi za Hali ya Hatari, kwa jasho la wafungwa. Baadaye yakaja mabwawa huko juu, watu wakaongezeka, mifereji ikaongezeka. Samaki anayehitaji mto ili azae, ukimfungia mto umemfungia uzazi. Akapungua kwa nyavu mpaka akawa hadithi. Hakuvuliwa na mtu mmoja mwenye tamaa. Njia yake ya kurudi nyumbani ilikatwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kushika ndoano.

Hapo ndipo hoja yangu iko: samaki wa Baringo wanaamuliwa mbali na maji ya Baringo.

Tuje kwa maji yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, stori ilikuwa ziwa linakufa. Udongo ulikuwa umejaa chini, kina kimeshuka, na uvuvi umewahi kufungwa kwa muda zaidi ya mara moja ili samaki wapumue. Halafu kuanzia karibu 2011 maji yakaanza kupanda, na yakaendelea kupanda. Kufikia 2020 yalikuwa yamemeza hoteli, shule, nyumba na barabara. Mnakumbuka twiga wa kisiwa cha Longicharo? Kisiwa kilikuwa kinaliwa na maji, wakavushwa mmoja mmoja kwa chombo cha kuelea, na kazi ikaisha Aprili 2021. Dunia nzima iliangalia ile video. Watu waliohama na magodoro kichwani hawakupata watazamaji hata nusu ya hao.

Sasa kuna mtu anasema, "Basi si ni poa? Maji mengi, samaki wengi."

Pole pole. Kwa muda inaweza kuwa kweli. Maji yakifunika nyasi na vichaka, vifaranga vya samaki vinapata mahali pa kujificha na chakula kingi, na baada ya miaka michache unaweza kuona tilapia wameongezeka. Lakini hiyo ni kama boom ya mvua ya kwanza. Vichaka vinaoza, vinabaki miti mikavu, na tope linaendelea kuja.

Nilikaa asubuhi moja pale ufuoni nikimwangalia mzee mmoja akirekebisha nyavu. Nikamuuliza, "Mzee, si sasa ziwa ni kubwa, kazi imekuwa rahisi?"

Akanijibu bila kuinua kichwa: "Kijana, pale nilikuwa natega zamani ni mbali sasa. Na hapa karibu ni miti tu, mathenge na migunga, wavu ukishika umeraruka. Na mamba naye amesogea kwa watu."

Mathenge mnaijua. Ule mti ulioletwa kuzuia jangwa miaka ya 1980, ukageuka kero mpaka watu wa Baringo wakapeleka mbuzi asiye na meno kortini kama ushahidi. Sasa umezama, na hata ukiwa umekufa bado unararua nyavu za watu.

Na tope je? Tilapia dume huchimba kiota kwa maji mafupi, kwa sakafu ya ziwa. Jike hutaga hapo, halafu anachukua mayai kinywani na kuyalea humo. Hata vifaranga vikishaanguliwa, hatari ikija vinarudi ndani ya kinywa cha mama. Sasa fikiria mvua moja kubwa kwa milima iliyopigwa malisho mpaka udongo ukabaki uchi. Molo na Perkerra zinashuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo unatua kwa viota. Mwanga haupiti majini vizuri, kwa hivyo vimelea vya kijani ambavyo tilapia anakula havioti vya kutosha. Hakuna aliyetupa wavu, na bado kizazi kimepungua.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kuna matumaini ya kuvua Baringo, jibu langu ni ndio, lakini yanategemea nyasi na miti huko juu kuliko aina ya ndoano yako. Mkulima wa Eldama Ravine anayeacha ukanda wa miti kando ya mto anafuga tilapia bila kujua.

Hiyo haimaanishi sisi wa wikendi tumeponyoka. Kuna mambo matatu ningeomba.

La kwanza, ukubwa. Tilapia wakivuliwa sana, kitu cha kwanza hupungua ni wale wakubwa, na wanaobaki huanza kuzaa wakiwa wadogo. Unaweza kuona ndoo imejaa ukafikiri ziwa liko sawa, kumbe umejaza ndoo na watoto. Ukishika kidogo kama kiganja, lowesha mkono, mtoe ndoano taratibu, mrudishe. Ukishika jike akatema vifaranga mbele yako, huyo mrudishe haraka, hata kama ndiye wa pekee uliopata siku nzima. Najua inauma. Rudisha tu.

La pili, usiamini klipu, hata zangu. Samaki wakipungua hawapungui sawasawa kila kona. Wanajikusanya mahali penye chakula na hewa, na mvuvi mjuzi anapajua. Kwa hivyo anaweza kuendelea kushika vizuri mwaka baada ya mwaka huku ziwa lote likiisha, mpaka siku moja hata ile kona imekauka. Picha ya samaki mmoja mkubwa inakuambia huyo samaki alikuwepo. Haikuambii wamebaki wangapi. Ya kuhesabu ina watu wake: taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo pale pale Kampi ya Samaki, na kuna BMU, vikundi vya wavuvi wenyewe vinavyosimamia ufuo. Kabla hujatupa ndoano, pitia kwa BMU. Uliza kama msimu uko wazi, kibali kinapatikanaje, na ni wapi samaki wanazalia ili uwaache. Dakika kumi tu.

La tatu, heshimu wale wasio na wikendi. Wailchamus wamevua ziwa hili tangu kitambo kwa viboti vya magogo mepesi yaliyofungwa pamoja, mtu amekaa karibu sawa na maji, anapiga kasia kwa vibao vidogo mikononi. Wewe unaenda na laifujaketi na boti ya injini, unarudi na stori. Yeye anaenda kati ya viboko na mamba kwa ajili ya ugali wa jioni. Ukinunua samaki kwake, usimkamue bei kama uko sokoni unatafuta mtumba. Na ukimpiga picha, muombe ruhusa kwanza, halafu mtumie hiyo picha. Ni uso wake.

Najua wengine mtasema ninachukulia kuvua samaki kama mtihani wa KCSE. Lakini sisi ndio kizazi kitakachokuwa na miaka hamsini wakati stori hii inaisha, vizuri ama vibaya. Wazazi wetu waliambiwa ziwa linakauka, sisi tunaambiwa ziwa linafurika, na kwa habari zote mbili kuna kitu kimoja hakitajwi: nani anaishi ndani ya hayo maji.

Mimi nataka tilapia wa Baringo wabaki. Sio kwa makumbusho, hapana. Nataka wabaki kwa sufuria, kwa bei ya haki, wakiwa wakubwa kiasi cha kujaza sahani, na jina lao bado likiwa la ziwa lao. Ili hiyo iwezekane, mito lazima ifike ikiwa na maji na bila nusu ya mlima ndani yake, mgeni mwingine asimwagwe ziwani kiholela, na wadogo warudishwe wakue.

Kwa hivyo nenda Baringo. Beba ndoano, kofia na maji ya kunywa, jua la huko halina mchezo. Ukifika, badala ya kuuliza kama samaki wako, uliza wanazalia wapi mwaka huu. Kama kuna mtu ufuoni anakuonyesha kwa kidole, ujue bado kuna kitu cha kulinda.