Nilipolala Chini Seattle kwa Ajili ya Mkongo

Wiki hii safu yetu iko majuu, jijini Seattle, Marekani, mji wa mvua za rasharasha na watu wanaotembea na vikombe vya kahawa kama vile wamezaliwa navyo. Mwenyeji wangu alitaka kunipandisha mnara wa Space Needle. Nikamwambia mnara baadaye, kwanza nipeleke pale alipolala Mutombo.

Ngoja nikurudishe nyuma. Mwaka 1994 baharia mmoja wa mtaani kwetu Temeke alituletea kanda za video za mtoano wa NBA. Mechi zilishachezwa miezi mingi nyuma, ila kwa sisi tusiojua matokeo zilikuwa za moto kabisa. Seattle SuperSonics, walioshinda mechi 63 msimu ule, walipangiwa Denver Nuggets waliopenya nafasi ya nane kwa kushinda 42. Sio siri, mimi hupenda wababe, nikachukua Seattle ya Shawn Kemp na Gary Payton. Kaka yangu, aliyekuwa akicheza kati kwenye timu ya shule kabla goti halijamwangusha, akang'ang'ania Denver kisa Mkongo mmoja wa futi 7 na inchi 2: Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyekwenda Marekani 1987 akitaka kusomea udaktari. Dau letu likawa chipsi kuku.

Mechi ya kwanza Seattle 106, Denver 82. Ya pili 97-87. Anayewahi kushinda tatu ndiye anasonga mbele, basi nikaanza kumwuliza kaka kuku atakuwa wa saizi gani. Kimya. Ya tatu, Denver wakiwa kwao, 110-93. Ya nne, muda wa nyongeza, 94-85. Hapo jasho likaanza kunitoka.

Ya tano ilichezwa Seattle, Mei 7, 1994. Dakika za kawaida 88-88, nyongeza ikaisha 98-94 kwa Denver. Mpira wa mwisho aliudaka Mutombo, akaanguka chali, kaukumbatia juu kwa mikono miwili, anacheka kinywa wazi. Kabla ya siku ile timu ya nane haikuwahi kuitoa ya kwanza. Katika mechi zile tano jamaa alizuia mitupo 31! Chipsi nililipa.

Picha ile kila mtu anaikumbuka. Mimi kilichonigusa zaidi ni raundi iliyofuata. Utah Jazz waliwachapa Denver tatu mfululizo. Wengine wangeanza kufunga mabegi. Wale mabwana wakajibu tatu, wakaja kutolewa mechi ya saba. Siku hiyo kaka hakunidai wala hakununa.

Haya, turudi Seattle. Tulipanda treni ya juu ya reli moja, ya tangu maonyesho ya dunia ya 1962, dakika kama mbili tumefika. Ukumbi nao ni wa maonyesho hayohayo. Paa ni lilelile, takriban tani 20,000. Nikasimama nikilitazama, moyo unadunda kama nimeenda kuposa.

Kumbe paa tu ndilo limebaki! Sonics walihamia Oklahoma City 2008. Baadaye mafundi walilishikilia paa kwa nguzo, wakafumua kila kitu chini yake na kuchimba, ukumbi ukafunguliwa upya 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena. Mle siku hizi wanacheza hoki ya barafu. Pale alipolala Mutombo ni hewa tupu.

Nikampigia kaka. Huku saa tatu asubuhi, Dar saa moja usiku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umepaona?"

Nilisita. Septemba 30, 2024, Mutombo alipofariki, kaka alinipigia akakaa kimya kwenye simu mpaka salio likaisha. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, kaka anaizungumzia kama vile alibeba matofali.

"Pameshachimbwa, kaka."

Kimya. Halafu, "Paa lipo?"

"Lipo."

"Basi lala hapohapo nje, upigwe picha. Mpira unao?"

Sikuwa nao. Mwenyeji wangu akanipa kofia yake ya pikipiki, nikajilaza chali kwenye sakafu iliyoloa, kofia juu, mdomo wazi. Mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni. Shati liliharibika kufa mtu. Picha kaka ameiweka sebuleni.