Buti ya Shilingi Mia Nane

Ukitaka kujua hali ya Probox inayobeba abiria upande wa Kabati, usiulize imetembea kilomita ngapi. Zima redio, shusha kioo, kata usukani hadi mwisho halafu ondoka polepole. Ukisikia tak-tak-tak kutoka gurudumu la mbele, na ile kelele inaongeza mwendo gari likiongeza mwendo, basi CV jointi imeisha. Nadhani ndiyo sababu madereva wengi wana redio nzuri kuliko breki.

Gari la mama yangu lilikuwa linalia hivyo Desemba iliyopita nilipofika nyumbani. Alilinunua kwa sehemu ya pesa zake za kustaafu ualimu, na tangu hapo linamlisha. Dereva ni kijana wa jirani. Asubuhi anapakia sokoni Kabati, anaacha lami inayotoka Kitui kwenda Migwani na Mwingi, anaingia vijijini kwa murram, na jioni analeta hesabu ya siku, ambayo mama anaiandika kwenye daftari la mistari kama vile bado anasahihisha insha.

Namwita Mwaitu, ambayo kwa Kikamba ni mama. Mimi ni binti wa pili, nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo na yeye huniita Mwaitu. Mtu akitusikia tukibishana hawezi kujua nani alimzaa nani.

Na tulibishana, kwa sababu dereva alikuwa ameshalitibu gari kwa njia yake. Alikuwa amezungushia blada, ule mpira wa tyubu ya zamani, mara sita saba hivi juu ya buti iliyopasuka, akakaza na waya. Kwa mtu asiyejua, kazi ilionekana safi kabisa.

Tuseme kwanza buti ni nini, maana wengi tunaendesha bila kuwahi kuchungulia huko chini. Probox, tangu itoke Japani mwaka 2002, huvutwa na magurudumu ya mbele (zile za four-wheel zipo, lakini huku si nyingi). Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika: gurudumu lilelile linalovuta ndilo linalokata kona na kupanda na kushuka kwenye mashimo, na nguvu ya injini lazima ilifikie bila kukatika wala kuruka. Mhandisi Alfred Rzeppa, aliyekuwa akifanya kazi Ford, alibuni jibu lake miaka ya 1920: bakuli la chuma, ndani yake gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, ili shafti iweze kupinda huku inazunguka kwa mwendo uleule. Gari dogo la Uingereza, Mini, liliuzwa na jointi za aina hiyo kuanzia 1959, na leo karibu kila Vitz, Fielder na Probox unayopanda inazo mbili za nje, kushoto na kulia. Upande wa gia kuna nyingine mbili za ndani, zenye roli tatu badala ya gololi.

Chuma hicho chote ni kigumu ajabu. Kinachokilinda ni mpira laini wenye mikunjo kama kinanda cha mkono, uliojazwa grisi nyeusi na kukazwa kwa klipu mbili. Hiyo ndiyo buti. Ikipasuka, grisi inarushwa nje gari linapotembea, na ukiona rimu imepakwa weusi upande wa ndani ujue imeshaanza. Siku hizo za kwanza bado una bahati. Ukiosha jointi na kuiwekea buti mpya, inaendelea kuishi. Ukichelewa, vumbi linaingia na kuchanganyika na grisi iliyobaki, na sasa una msasa unaozungushwa na injini. Kitui tunaujua mchanga vizuri. Tunajenga mabwawa kwenye mito mikavu ili mchanga utuwekee maji hadi kiangazi, lakini ndani ya jointi mchanga hauna urafiki.

Blada haizuii chochote. Inabana mikunjo, na kona ya kwanza ya nguvu inaachia. Tena inaficha ufa ambao ungeonekana kwa macho.

Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Niliinua gari, nikashika shafti kwa mikono miwili na kuitingisha, ikacheza kama jino la mtoto. Kushoto buti ilikuwa na ufa mdogo, grisi bado nyingi, jointi kimya. Nikamwambia Mwaitu kulia tununue shafti nzima, kushoto buti tu.

“Nunua buti mbili,” akasema.

“Buti mpya juu ya jointi mbovu ni kupaka mafuta jeneza, Mwaitu.”

“Mwaitu, Januari iko wapi?”

Aliuliza hivyo huku akifunua daftari. Kitinda mimba alikuwa anaingia kidato cha tatu. Kulikuwa na bima ya gari, mchango wa chama, na deni la tairi mbili. Dereva, aliyekuwa ameketi kwenye mzizi wa mwarobaini, akaongeza kwamba kuna watu wanatembea na kelele hiyo mwaka mzima na hawajafa. Hilo ni kweli, na sipendi watu wa gereji wanaotisha wateja. Nimefanya kazi Industrial Area, Nairobi, miaka minne, nimeona mwenye gari akiuziwa hofu kwa bei ya juu. Jointi ikivunjika, mara nyingi gurudumu halichomoki. Gari linapoteza tu mvuto. Injini inanguruma, nguvu yote inapotelea kwenye shafti iliyokatika, na gari linasimama pale lilipo.

Swali ni pale lilipo ni wapi. Hapo ndipo nilipowaambia kitu ambacho hata dereva alikuwa hajawahi kukifikiria. Gari la auto likiwa kwenye P, kinacholishika ni kipande cha chuma ndani ya gia. Kinashika gia, hakishiki magurudumu, na gia inashika magurudumu kupitia shafti mbili. Moja ikikatika, ile difu inaruhusu gurudumu la upande wa pili lizunguke tu. Kwa hiyo umesimama mlimani, umeweka P, umeondoa mguu kwenye breki ushuke uone kilichovunjika, na gari linarudi nyuma na watu ndani. Kimebaki kitu kimoja cha kulishika.

“Handbreki,” akasema Mwaitu.

“Ya hili gari?”

Hakujibu. Dereva naye akaangalia viatu vyake. Handbreki ya gari hilo sote tulikuwa tunaijua. Lilikuwa linaegeshwa kwa jiwe, na jiwe lenyewe lilikaa kwenye buti la nyuma pamoja na jeki.

Mwaka huo huo, usiku mmoja wa mvua za Oktoba, lilimpeleka mke wa jirani hospitali Kitui akiwa na uchungu wa kuzaa. Mwaitu alikuwa kiti cha nyuma amemshika. Huku kwetu saa nane za usiku Probox ndiyo ambulensi, na hesabu ya safari kama hiyo haiandikwi kwenye daftari. Kabla ya kufika lami kuna mteremko wa kuvuka kijito na mwinamo wa kutoka upande wa pili, na wote watatu tuliokuwa pale chini ya mti tunaujua mwinamo huo kwa kila jiwe lake. Mwaitu akafunga daftari.

“Shafti ni pesa ngapi?”

Nilimpigia rafiki niliyefanya naye kazi. Akazunguka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, mtaa ambapo unaweza kujenga gari zima kwa vipuri vilivyotumika kutoka Japani. Nilimpa maagizo matatu: ya kulia huwa ndefu kuliko ya kushoto, kwa hiyo apime, ahesabu meno ya ncha zote mbili na kulinganisha na picha nilizomtumia, na apindishe jointi kwa mkono asikilize, isikwaruze wala kucheza. Shafti ikawa 6,500 baada ya kuvutana. Buti moja na grisi yake na klipu, 800. Nati mbili mpya. Nikatuma M-Pesa, mzigo ukaja na matatu siku iliyofuata.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kali. Mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, haya ya kawaida yetu. Nati ya katikati ya gurudumu ndiyo vita yenyewe: namba 30, na ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Unaunyanyua kwanza kwa tindo. Usipounyanyua, unaharibu nyuzi za shafti. Mwaitu aliketi kwenye usukani akikanyaga breki kwa miguu miwili, dereva akapanda juu ya bomba nililochomeka kwenye mpini wa spana, akaruka mara mbili. Ikalia kama bunduki. Kuku wote wakahama boma.

Baada ya hapo kazi ni mpangilio. Inua upande mmoja tu, mafuta ya gia yamwagike kidogo. Weka stendi, na lile gurudumu ulilotoa lilaze chini ya gari pia, maana jeki haina undugu na mtu. Fungua bolti moja na nati mbili zinazoshika boli jointi kwenye mkono wa chini, vuta kibebeo cha gurudumu nje, sukuma shafti itoke. Upande wa gia unaikwanyua kwa mtaimbo mfupi, inatoka ghafla, na mafuta yanafuata. Mwaitu alikuwa tayari na karai.

Shafti mbovu niliiweka juu ya gunia, nikakata ile blada. Chini yake hakukuwa na grisi tena. Kulikuwa na ugali mwekundu. Niligonga jointi ikatoka, nikaiosha na mafuta ya taa, nikatoa gololi moja moja. Zilipaswa kung’aa kama kioo. Zilikuwa na vishimo kama ngozi iliyougua ndui, na mifereji ya bakuli ilikuwa imelika kiasi kwamba ukucha unazama. Mwaitu alichukua moja, akaizungusha kidoleni muda mrefu. Dereva hakusema kitu kuhusu watu wanaotembea na kelele mwaka mzima. Sikumwambia chochote pia. Yeye ndiye angekuwa amelala chini ya gari siku hiyo ya mwinamo.

Upande wa kushoto ulichukua muda mrefu zaidi kwa pesa kidogo. Jointi iliosha vizuri, gololi zote sita safi. Nilisukuma grisi kwa kidole gumba hadi ikatokea upande wa pili, iliyobaki nikaijaza kwenye buti, nikatoa hewa kabla ya kukaza klipu, maana buti iliyovimba inapasuka upesi. Nati mpya tulizikaza hadi zaidi ya 200 Nm. Sikuwa na spana ya kupimia, lakini bomba la mita moja lenye mzigo wa kilo ishirini na mbili kwenye ncha linakufikisha hapo, na kwetu mizigo inapimwa vizuri, mizani ya ndengu ilikuwa jikoni. Kisha nikagonga ukingo wa nati uingie kwenye mfereji, nikaongeza mafuta ya gia mpaka alama ya kijiti, nikampa dereva funguo akazunguke uwanja wa shule.

Alirudi na redio imezimwa. Saa sita ilikuwa imepita, na abiria wa kwanza alikuwa ameshafika kwenye kijia na gunia lake la maembe.

Mwaitu alinawa mikono, akaleta daftari, akaandika 6,500, akaandika 800, akaandika nati na nauli ya mzigo. Chini yake akapiga mstari, akaanza safu mpya, akaniangalia juu ya miwani.

“Kebo ya handbreki ni pesa ngapi?”