Kuponi ya Siku ya Kiswahili

Katika mada ya upatanisho wa kisarufi tumezoea kutoa mifano ya viti na meza. Safari hii tutasimulia kisa cha vitabu na kamusi, kilichotukuta dukani, mbele ya foleni ya watu, tukiwa na fedha zisizo zetu.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Duka moja la vitabu jijini Kampala liliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ile tarehe 7 Julai iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kwa kugawa kuponi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Tulifurahi mno. Uganda ilirekebisha Katiba yake mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini tangazo la Kiswahili katika duka la Kampala bado hutushtua kama kukutana na ndugu ugenini. Kuponi ilisema: "Punguzo la asilimia 20 kwa vitabu na kamusi zinazozidi shilingi 500,000."

Walimu tarajali wetu wanane wa mwaka wa pili walikuwa wamechanga shilingi 60,000 kila mmoja, jumla 480,000. Kamusi nane kwa shilingi 50,000 ni 400,000. Vitabu nane vya hadithi kwa shilingi 25,000 ni 200,000. Jumla ni 600,000, na ukiondoa asilimia 20 zinabaki 480,000 kamili, bila hata shilingi ya soda. Baadhi yao walikuwa wamekopa ili kuchangia. Basi tukapanda teksi alfajiri pamoja na kiongozi wa darasa, bahasha akiwa ameikumbatia njia nzima.

Keshia, binti mpole, aliisoma kuponi, akahesabu, akasema, "Mwalimu, vitabu vimepata punguzo. Kamusi hazikupata."

"Kwa nini?"

"Kamusi hazijazidi laki tano. Zimefika laki nne."

Tulitabasamu kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. Tukamweleza kwamba nomino mbili za ngeli tofauti zinapounganishwa, kiambishi huvutwa na nomino iliyo karibu. Hiyo "zi-" imefuata "kamusi" kwa sababu ya ujirani tu, lakini inabeba na vitabu pia. Kwa hiyo inayopaswa kuzidi ni jumla ya vyote. Nyuma yetu foleni ilikuwa inarefuka. Mzee mmoja aliyeshika atlasi aliuliza kwa sauti, "Kwani kamusi si kitabu?" Hakuna aliyemjibu, na hata leo hatujui tungemjibu nini.

Binti alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, kama walitaka vyote, si wangeandika 'vinavyozidi'?"

Hapo tulimsikia kiongozi wetu wa darasa akikohoa. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika katika jaribio, "Viti na meza vimevunjika." Tulimtia mkasi wa wino mwekundu na kumwandikia pembeni: "zimevunjika". Hakusema neno. Alikuwa akitazama vitabu vilivyokuwa mezani, na tungependa kuamini kwamba hakuwa akicheka.

Meneja aliitwa. Alisoma kuponi mara moja tu na kuamua kwamba binti yuko sahihi: vitabu vina punguzo, na kamusi ni zile zinazozidi laki tano. Tulitaka kubishana, lakini tulikuwa tumeishiwa hoja. Kanuni ya ujirani hutosha pale kitenzi kikuu kinapobeba nomino zote mbili, kama vile viti na meza kuvunjika. Msomaji hana pa kupotelea. Kirejeshi ni jambo jingine. Kinaweza kuikamata nomino moja tu iliyo jirani yake na kuiacha nyingine nje, na sentensi ikabaki sahihi kabisa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiifundisha kanuni hiyo bila kuiwekea mpaka.

Tulilipa 160,000 kwa vitabu vyote, na zilizobaki zikanunua kamusi sita. Zilirudi shilingi 20,000. Wanachuo wawili walikuwa wamelipia kamusi wasiyoipata, na njiani kiongozi alituambia kwamba yeye atakuwa mmoja wao. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Tulimpa kamusi yetu ya mezani, yenye jalada lililolegea, na ya nane tuliinunua mshahara ulipotoka.

Jumatatu tulimrudishia alama zake mbili darasani, mbele ya wenzake. Mara mmoja aliyeandika "zimevunjika" akauliza kama yeye sasa atanyang'anywa zake. Hapana, tulisema, na tukatumia nusu ya kipindi kueleza kwa nini.

Nusu iliyobaki ililiwa na kuponi nyingine, ambayo binti yule alitupatia wakati tunatoka: "Punguzo la asilimia 10 kwa kalamu na madaftari yanayozidi shilingi 30,000." Tuliibandika ubaoni na kuwauliza walimu tarajali ni kipi kinachopaswa kuzidi. Watano walisema madaftari peke yake, watatu wakasema jumla. Kengele ililia kabla hawajaafikiana, ndipo mmoja alipoisogelea kuponi na kugundua kwamba muda wake ulikuwa umekwisha tangu Jumapili.