Mchanga wa Laga
Hapa kwetu Lafey hakuna theluji, msomaji. Kuna mchanga wa laga, yaani mito mikavu, nao humeza gurudumu vivyo hivyo. Siku moja lori letu lilikwama katikati ya laga, na upande wa juu wingu limekwisha kuwa jeusi. Dereva alikanyaga mafuta kwa hasira. Magurudumu yakazunguka bure, yakajichimbia kaburi. Utingo akamsihi azime injini, kisha akapunguza upepo wa matairi. Mimi niliona anatupotezea wakati. Kumbe tairi lililolegea hutandaa, likakanyaga mahali papana. Tukafukua mchanga kwa mikono, tukatandika matawi. Kwa gia ya kwanza, polepole, lori likapanda ukingoni. Tungali tukijaza upepo kwa pampu, maji yakashuka, yakapafunika palepale tulipokwama.