Pera Jekundu la Goba

Katika nchi za baridi liko tunda liitwalo peasi, na baadhi ya peasi za kale za Ujerumani na Ufaransa zina nyama nyekundu kama damu. Watu wa huko hutunza aina hizo kwa kubebesha, yaani kukata kijiti cha mti waupendao na kukiunga juu ya shina la mti mwingine. Sisi tukaao Goba, pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam, hatuwezi kuzipanda. Mpeasi hutaka kupumzika katika baridi kila mwaka ndipo uchanue vema, na hapa kwetu hata mwezi wa Julai hapana baridi ya kuulaza usingizi. Atakaye peasi ya nchi hii na aitafute Lushoto, juu katika milima ya Usambara.

Lakini jina lake tunalo. Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kuondolewa katika Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, peasi huiita pera. Nalo neno hilo kwetu limekaa juu ya tunda jingine kabisa, ambalo asili yake ni Amerika. Hata watu wa Mumbai huliita peru. Basi mtu akiuliza kama Goba liko pera lenye nyama nyekundu, twamjibu kwamba liko, na habari zake ni hizi.

Jirani yetu, bibi mmoja wa Kizaramo, alikuwa na mpera nyuma ya jiko lake. Tunda lake likiiva huwa la manjano kwa nje, na ukilipasua ndani ni jekundu kama tikiti, lenye mbegu chache na harufu ya kujaza nyumba. Wekundu huo wataalamu huuita likopeni, nao ndio ule ule wa nyanya. Tena kwa uzito ulio sawa, pera hupita chungwa kwa vitamini C mara tatu au nne. Watoto wa shule hawakuyajua hayo, lakini mti waliujua sana, na bibi alikuwa na fimbo ndefu ambayo hatukumwona akimpiga nayo mtu hata siku moja.

Goba ya zamani ilikuwa mashamba: mihogo, mikorosho, miembe na minazi. Sasa ni nyumba juu ya kila kilima. Hata zamu ya bibi ikafika; wanawe walikubaliana kuuza, bikoni zikachimbiwa, na mpera ukaonekana kuwa katikati ya mahali pa sebule. Tulipokwenda kumpa pole alituambia, "Wanangu, mti umeuzwa pamoja na ardhi. Chukueni mbegu, mapera yamejaa."

Tulizichukua kwa adabu, lakini mbegu hazikuwa dawa ya jambo lile. Mbegu ni mtoto, naye mtoto hafanani na mama yake kwa kila kitu. Nyuki hutoka mti huu akaingia mti ule, na mbegu ya pera jekundu yaweza kumea ikazaa pera jeupe, chachu, lililojaa kokwa. Nawe hutalijua hilo ila baada ya kungoja miaka kadhaa. Mwenye kuutaka mti ule ule hana budi kuchukua kiungo chake mwenyewe.

Tulimwendea mwenye kiwanja. Alikuwa mtu mwelekevu, akatupa miezi miwili, maana fundi alikuwa bado kufyatua matofali. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza. Tulichagua matawi sita yenye unene wa kidole, na katika kila tawi tukabandua ganda kuzunguka pande zote, upana wa kama inchi moja, tukakwangua utelezi ulio chini yake hata mti mweupe ukaonekana. Utelezi huo ukibaki, ganda hurudi kuungana na kazi ni bure. Kisha tukafunika kidonda kwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizoloweshwa na kukamuliwa, tukazungushia nailoni iliyofunika godoro jipya, tukakaza kamba juu na chini. Chakula kitokacho kwenye majani hushuka, hukuta njia imekatwa, hukusanyika pale. Na penye unyevu na giza tawi hutoa mizizi.

Juma la sita mizizi myeupe ilionekana ndani ya nailoni katika matawi manne. Mawili yalikauka. Tuliyakata yale manne chini ya mizizi, tukapunguza majani nusu, tukayapanda katika madebe kivulini. Siku tisa baadaye shoka lilifika. Bibi alihamia Chanika kwa binti yake, naye alipanda gari akiwa amepakata debe moja, akakataa mtu yeyote asimshikie.

Miche yetu mitatu ilipokuwa imara tulianza kubebesha majirani. Mti uliotokana na tawi hauna mzizi mkuu, hivyo katika miaka ya kwanza hutaka nguzo kwa ajili ya upepo. Ule wa kubebesha juu ya mche wa mbegu husimama vizuri zaidi. Hukata shina lenye unene wa penseli, ukalipasua katikati, ukachonga kikonyo mfano wa kabari, ukakichomeka hata maganda yakutane walau upande mmoja. Kisha hufunga kwa ukanda wa nailoni na kukifunika kisikauke. Machipukizi yatokayo chini ya kiungo yang'olewe bila huruma. Jirani mmoja aliyaacha, yakaushinda mti, akaja kutulalamikia kwamba wekundu umechujuka!

Adui ni nzi wa matunda, hasa yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika ya Mashariki mwaka 2003. Twafunga mapera katika mifuko ya karatasi yangali madogo kama ndimu, na yaliyooza twayafukia mbali chini ya ardhi.

Mpera wa Chanika ulitutangulia kuzaa. Mwaka wa pili bibi alimtuma mjukuu wake na kikapu chenye mapera matatu: mawili mazima, na moja limekwisha kuumwa. Mjukuu alituambia kwamba bibi aliliuma mwenyewe, apate kuitazama rangi kabla ya kutuletea.