Neno Fupi Livukalo Bonde



Waliosomea uuguzi na ukunga wanayajua mafundisho ya ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama wazazi: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mafundisho hayo yaliandikwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994, na hadi leo hayajachakaa. Sisi wa milimani twapenda kutaja jambo moja lililojificha ndani ya ule wa pili, nalo ni kuchelewa kwa habari. Machela haitoki kama wabebaji hawajaambiwa.

Huku kwetu Uluguru kijiji na kijiji hutenganishwa na bonde. Masika ikikolea, njia huteleza, umeme hukatika, na mnara wa simu ukimaliza betri zake simu zote hunyamaza. Lakini mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua hawezi kusubiri mnara. Maisha yake yanaweza kupotea katika saa chache tu.

Wauguzi wa zamani watakumbuka redio koli. Flying Doctors ilianzishwa Nairobi mwaka 1957, na kwa miaka mingi hospitali za misheni zilizokuwa mbali ziliomba msaada kwa redio. Simu za mkononi zilipoenea, redio nyingi ziliachwa zikashika vumbi. Siku hizi redio imerudi kwa umbo dogo, na kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, pamoja na kijana mmoja fundi sola, tumejenga ya kwetu zahanati.

Kiini chake ni kompyuta iitwayo Raspberry Pi Zero 2 W, yenye urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Inaendeshwa na Linux, ambayo ni programu ya bure iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Juu yake tumeweka kibao cha redio aina ya LoRa, na programu ya Meshtastic, iliyoanza mwaka 2020, nayo ni ya bure. Redio hii haipitishi sauti. Hupeleka ujumbe wa maandishi usiozidi herufi 200 hivi, kwa nguvu isiyofika robo wati. Redio moja ikisikia ujumbe huurudia ili nyingine iliyo mbele iusikie, kama watu wanaopokezana ndoo za maji penye moto. Kwa kawaida ujumbe hurukishwa mara 3, na waweza kuongezwa hadi 7. Kwa hiyo kimo cha antena chafaa kuliko nguvu ya redio. Ya kwetu ya kupokezana iko juu kilimani, inapoonekana kutoka mabonde yote mawili.

Hiyo ya kilimani, na zile za mkononi zinazounganishwa na simu, hazina Linux, nazo hula umeme kidogo zaidi. Zahanati tulitaka kompyuta kwa sababu huandika kila ujumbe na saa yake katika kadi ya kumbukumbu, tena huliza king'ora muuguzi wa zamu aamke. Kompyuta hii haina saa inayoendelea kwenda umeme ukizimika, kwa hiyo tuliiongezea saa ndogo yenye betri yake kama kitufe.

Hesabu ya umeme ni kama hesabu ya unga jikoni. Tulizima Wi-Fi na kila kisichohitajika, tukakadiria matumizi ya wati 1, yaani wati-saa 24 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Betri ya asidi haifai kukaushwa, kwa hiyo tunahesabu nusu tu, 42. Hizo zatosha siku moja na robo tatu hivi bila jua. Paneli ya wati 20, ikipata jua zuri la saa 4, hurudisha wati-saa 80 kabla ya kutoa kinachopotea njiani.

Anayetaka kujenga aulize kwanza TCRA masafa yanayoruhusiwa. Asiwashe redio kabla ya kufunga antena, maana redio yaweza kuungua. Tena abadilishe ufunguo wa siri unaokuja na programu, kwa kuwa unajulikana na kila mtu. Hata baada ya kuubadilisha, sisi hatuandiki jina la mama wala ugonjwa wake. Tunaandika MACHELA, kitongoji, na saa. Siri ya mgonjwa ni siri hata hewani.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili. Ukituma ujumbe kwa kikundi, simu huonyesha alama kwamba umepokewa. Alama hiyo yamaanisha tu kwamba redio nyingine imeusikia na kuurudia. Huenda ni ile ya kilimani, ambako hakuna mtu! Kwa hiyo tuliweka sheria: ujumbe haujafika mpaka mtu ajibu NIMEPATA kwa mkono wake. Dakika 10 zikipita kimya, mkimbiaji anaondoka na tochi kama zamani. Na kila Jumatano, baada ya kukutana kanisani, kila kitongoji hutuma salamu za majaribio na kusubiri jibu.

Masika iliyopita simu zilinyamaza siku mbili. Usiku wa pili ilikuja MACHELA kutoka kitongoji cha juu kabisa. Muuguzi wa zamu alijibu, vijana wanne wakaondoka, na mama alipofika alikuwa angali na fahamu. Sindano ya oksitosini na maji ya mshipa vilikuwa tayari mezani. Leo mtoto wake anatambaa.

Akina mama wenzetu, kifaa hiki kimepunguza ucheleweshaji mmoja tu. Machela ikioza ghalani au dawa ikikosekana kabatini, neno litavuka bonde bure. Kabla ya kununua redio, basi, ulizeni kwanza kijijini kwenu: usiku wa leo tukiita, nani atabeba?